Dola Nane na Senti Arobaini na Sita

Barua pepe iliingia usiku, nikiwa jikoni nachambua maharage. Kichwa chake kilisema malipo yangu yako tayari. Niliifuta bila kuifungua. Mtu aliyekulia Tanzania katika zama za "ile hela tuma kwenye namba hii" hafungui ujumbe wa pesa asizozitarajia, hata akiwa Ohio, hata akiwa anasomea uzamili wa takwimu na anajiona mjanja.

Baada ya wiki ikaja nyingine. Safari hii niliona jina la kampuni, na jina hilo nilikuwa nalifahamu. Nikafungua. Ilisema mahakama imeidhinisha suluhu katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wateja wote wa kampuni hiyo, kwamba mimi ni mmoja wao, kwamba fomu yangu ya madai imekubaliwa, na kwamba sehemu yangu ni dola 8 na senti 46. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kujaza fomu.

Kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka kiasi ambacho kampuni ile ilinikata, na nikakumbuka jambo jingine ambalo halikuwemo kwenye barua ile wala lisingeweza kuwemo, na kicheko kikaisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali linaloonekana kuwa la wanasheria, ingawa nadhani ni la kila mtu mwenye simu na kadi ya benki. Kampuni ikishawakata watu milioni pesa isiyo halali, kisha ikalipa suluhu, yule aliyekatwa amefaidika na nini?

*

Ilikuwa hivi. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa sitoki nje isipokuwa kwenda darasani. Mwenzangu mmoja akaniambia kuna programu ya simu ya mazoezi ya kufanyia ndani, siku saba za mwanzo ni bure. Niliipakua usiku uleule. Iliomba namba ya kadi, na kwa kuwa neno "bure" lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa na yaliyobaki kwa herufi ndogo, nikaiweka. Nilifanya mazoezi siku nne. Siku ya tano nilikuwa na mtihani. Nikaifuta programu kwenye simu na kuamini kwamba tumemalizana.

Kumbe kufuta programu si kufuta usajili. Hilo nililijua miezi tisa baadaye.

Dola 12.99 kila mwezi, mara tisa, ni dola 116.91. Kwa mtu mwenye mshahara wa Marekani si pesa ya kumkosesha usingizi, na nadhani ndiyo sababu huduma za namna hii hupangiwa bei kama zile: ndogo kiasi cha kutomshtua mmoja, kubwa kiasi cha kuleta utajiri ikizidishwa kwa milioni. Haba na haba hujaza kibaba. Methali tuliyofundishwa shuleni ili tujifunze kuweka akiba, kuna watu wameielewa kuliko sisi.

Mwezi wa tisa ndipo iliponishtua. Posho yangu ya chuo huingia mwisho wa mwezi. Siku mbili kabla nilikuwa na dola 9 kwenye akaunti. Kampuni ikaomba 12.99 zake. Benki haikukataa. Ililipa zile dola nne zilizopungua kwa niaba yangu, kisha ikanitoza dola 35 kwa wema huo. Posho ilipoingia, sehemu yake ilikuwa imeshaliwa.

Mwezi ule nilikuwa nimemwahidi mama dola 40 za mchango wa kambi ya masomo ya mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha nne. Nikapiga hesabu ya kodi ya chumba, chakula na nauli, na zile arobaini hazikuonekana. Nikampigia mama nikamwambia mtandao wa kutuma pesa una matatizo, avumilie kidogo. Mama akasema, "Haya mwanangu, huko nako kumbe kuna shida za mtandao." Mdogo wangu alikaa nyumbani siku nne wakati wenzake wako kambini, mpaka mama alipokopa kwenye kikoba.

Sikumwambia ukweli kwa sababu ningeanzia wapi? Nimwambie nimeshindwa kumsaidia mwanao kwa sababu ya mazoezi ya viungo niliyofanya siku nne wakati wa baridi?

*

Nianze na upande unaotetea kesi hizi, kwa sababu una nguvu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya AT&T Mobility dhidi ya Concepcion. Mume na mke walijiunga na huduma ya simu iliyotangazwa kwamba simu zenyewe ni za bure, kisha wakatozwa dola 30.22 kama kodi ya mauzo ya simu hizo za bure. Jiulize nani angekwenda mahakamani kwa dola thelathini. Leo hii, kufungua tu jalada la kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho kunagharimu dola 405, hapo wakili hajaulizwa bei yake. Jaji mmoja maarufu, Richard Posner, aliliweka jambo hili wazi katika hukumu ya mwaka 2004: usidhani kwamba ukikataza kesi moja ya watu milioni kumi na saba utapata kesi milioni kumi na saba. Utapata sifuri. Anayeshtaki kwa dola thelathini, kwa maoni yake, ama ana wazimu ama ameshikwa na jazba isiyo ya kawaida.

Kwa hiyo sheria ya Marekani ikaruhusu mtu mmoja au wachache wasimame kwa niaba ya wote waliotendewa jambo lilelile. Hiyo ndiyo kesi ya kundi. Wakili halipwi na mteja yeyote. Akishinda au pande mbili zikipatana, anachukua sehemu ya fungu, kwa kibali cha jaji. Ni wazo zuri. Mwizi akiiba punje moja katika kila gunia la kijiji, hakuna mwenye gunia atakayemkimbiza. Lazima kijiji kipige yowe kwa pamoja.

Swali ni nini kinatokea baada ya yowe.

*

Septemba 2019, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, inayofahamika kama FTC, ilitoa utafiti kuhusu suluhu 149 za kesi za wateja. Ukizipanga zile ambazo mtu hana budi kujaza fomu ili alipwe, kuanzia yenye mwitikio mdogo hadi yenye mwitikio mkubwa, ile ya katikati ilikuwa na asilimia 9 ya watu waliojaza fomu. Ukikokotoa wastani kwa kuzingatia ukubwa wa kila kundi, inashuka hadi asilimia 4.

Mimi ni mwanafunzi wa takwimu, kwa hiyo pengo kati ya 9 na 4 lilinivutia kuliko namba zenyewe. Maana yake ni kwamba kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo watu wanavyozidi kukosekana. Yaani pale ambapo kampuni imewagusa watu wengi zaidi, ndipo sehemu kubwa zaidi yao hawapati chochote. Katika kila watu mia, tisini na sita hawakujaza. Wengine walifuta barua pepe wakidhani ni matapeli, kama mimi mara ya kwanza. Wengine walihama. Wengine waliona dola tano hazifai dakika kumi za kutafuta risiti ya miaka miwili iliyopita.

Kuna suluhu ambazo mteja hapati hata fomu. Katika kesi moja dhidi ya Google kuhusu faragha ya watu wanaotafuta mambo mtandaoni, fungu lilikuwa dola milioni 8.5 na kundi lilikadiriwa kuwa na watu milioni 129. Gawanya: ni takriban senti sita na nusu kwa kila mtu, kabla ya gharama na ada za mawakili. Kutuma senti sita kunagharimu kuliko senti sita. Kwa hiyo walikubaliana kwamba fedha iliyobaki ipewe vyuo vikuu na mashirika yanayoshughulikia faragha. Katika makubaliano hayo wateja hawakupangiwa kitu. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 iliirudisha chini bila kujibu swali kubwa, kama ni haki au si haki kulipa deni la mtu kwa mtu mwingine.

Na kuna zile ambazo sehemu ya malipo ni bidhaa ileile uliyoilalamikia. Mwaka 2022 Noom, programu ya kupunguza uzito iliyodaiwa kuwakata watu pesa baada ya kipindi cha majaribio na kuwawekea ugumu wa kujitoa, ilikubali suluhu ya dola milioni 62. Milioni 56 zilikuwa taslimu. Milioni 6 zilikuwa usajili wa Noom.

*

Lakini tuseme watu wote wangejaza fomu na wote wangelipwa taslimu. Bado kuna jambo.

Suluhu inajua kitu kimoja tu kuhusu mimi: kwamba nilikatwa dola 12.99 mara tisa. Hilo ndilo jambo ninaloshirikiana na wanakundi wengine, na bila jambo la kushirikiana hakuna kesi ya kundi. Kila kilichonipata mimi peke yangu lazima kiachwe nje ya mlango. Dola 35 za benki hazimo. Siku nne za mdogo wangu hazimo. Uongo wangu haumo.

Namwona mwanakundi mwingine, mhandisi wa mahali fulani, aliyekatwa kiasi kilekile na hajagundua mpaka leo. Katika jedwali la msimamizi wa madai, mimi na yeye tuko mstari mmoja, na tutapokea 8.46 sawasawa. Kila siku darasani tunafundishwa kwamba wastani ni njia ya haki ya kuwasemea wengi, na tunafundishwa pia kwamba wastani huficha mtawanyiko. Kwa pesa, mtawanyiko una sura ya wazi: mkato uleule unamwumiza zaidi mwenye salio dogo. Aliye na dola elfu tano kwenye akaunti anapoteza 12.99. Aliye na dola tisa anapoteza 12.99, na 35, na heshima yake kwa mama yake. Suluhu inapomlipa kila mtu sawa, inamlipa vibaya zaidi yule aliyeumia zaidi.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba mahakama ingeweza kusikiliza hadithi ya kila mmoja wetu. Ingejaribu, tungerudi kwenye sifuri ya Jaji Posner. Ninachosema ni kwamba bei ya kusikilizwa pamoja ni kila mmoja kukubali kutosikilizwa peke yake, na hatukuulizwa kama tunaikubali bei hiyo.

*

Hapo ndipo jambo linaponisumbua zaidi.

Nilikatwa pesa kwa sababu nilikaa kimya. Masharti yalisema kwamba nisiposema "basi" ndani ya siku saba, kimya changu kitahesabiwa kuwa ndiyo, mwezi baada ya mwezi. Kesi yenyewe ilisimama juu ya hoja kwamba kimya cha namna hiyo si ridhaa. Sheria ya California inayohusu usajili unaojihuisha wenyewe, iliyoanza kutumika Desemba 2010, inadai kampuni iweke masharti hayo mahali pa wazi na ipate idhini ya kweli ya mteja kabla ya kumkata. Ni sheria nzuri. Inatambua kwamba mtu aliyesahau si mtu aliyekubali.

Sasa angalia jinsi suluhu inavyonikusanya. Tangu kanuni za mashauri ya kundi zilipobadilishwa mwaka 1966, katika kesi za fidia kama hizi mtu anahesabiwa kuwa ndani ya kundi isipokuwa aandike mwenyewe kwamba anajitoa. Barua pepe inakuja. Usipoijibu mpaka tarehe fulani, umo. Na ukiwa umo, suluhu ikipitishwa, umepoteza haki ya kuishtaki kampuni kwa jambo hilo, hata kama hukujaza fomu, hata kama hukupata senti. Wale tisini na sita katika mia wamefungiwa mlango kwa kunyamaza.

Kimya changu kiliniunganisha na kampuni, na kimya kilekile kingenitenganisha na madai yangu. Tulikwenda mahakamani kusema kwamba kimya si ndiyo, tukarudi na hukumu iliyohesabu kimya cha mamilioni kuwa ndiyo.

Mtetezi atasema tofauti ni kubwa: kimya cha kwanza kilichukua pesa, cha pili kinaleta pesa. Nakubali, kwa sehemu. Kimya cha pili hakileti pesa chenyewe. Kinafunga madai. Pesa inakwenda kwa aliyevunja ukimya na kujaza fomu. Na hapa kuna jambo dogo ambalo siwezi kulisamehe. Kampuni ilikuwa na namba ya kadi yangu. Ilijua jina langu, barua pepe yangu, tarehe ya kila mkato. Mara tisa iliweza kuingia kwenye akaunti yangu bila kuniuliza. Kwa nini ilipofika zamu ya kurudisha, ikahitaji fomu?

*

Mama alipiga simu Jumapili, kama kawaida. Katika mazungumzo nikamweleza kwamba kuna kampuni iliwahi kunikata pesa, sasa kumefanyika suluhu. Sikumwambia ilikuwa lini.

"Kwa hiyo mmekaa nao?"

"Hapana, mama. Mawakili ndio waliokaa."

"Mawakili wenu mnawajua?"

"Hapana."

"Na hao watu wamekiri?"

Ilinibidi nicheke. Mkataba wa suluhu, kama ilivyo mikataba mingi ya namna hiyo, ulikuwa na kifungu kinachosema kampuni inakana kufanya kosa lolote na inalipa ili tu kuepuka gharama za kuendelea na kesi.

"Hawajakiri, mama. Wameandika kabisa kwamba hawakubali kosa."

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo siyo suluhu. Hiyo ni kununua maneno yenu."

Mama si mwanasheria, ni mwalimu wa shule ya msingi, na amekuwa mwenyekiti wa kikoba kwa miaka mingi. Ameona suluhu nyingi. Mtu amechelewesha rejesho la mkopo, mwingine amemtuhumu mwenzake hesabu za uongo. Wanakaa, aliyekosa anasema nimekosa, faini inatajwa, inalipwa mbele ya wote, na wiki inayofuata wanakaa tena kwenye mkeka mmoja. Kwake faini ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni lile neno "nimekosa", kwa sababu neno hilo ndilo linalomrudishia aliyekosewa imani kwamba hakuwa mjinga.

Na hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka, nikagundua. Kwa miezi mingi nilijilaumu mwenyewe. Mwanafunzi wa uzamili, na hakusoma masharti. Kama kampuni ingeandika sentensi moja kwamba ukurasa ule ulitengenezwa ili watu wasahau, ningekubali hata dola mbili.

*

Kufikia hapa ningeweza kuhitimisha kwamba suluhu hizi ni mchezo wa mawakili, kama wengi wanavyosema. Kilichonizuia ni swali moja: kama hazina maana, kwa nini kampuni zinazikimbia kwa nguvu zote?

Rudi kwenye kesi ya zile dola 30.22. Mkataba wa AT&T ulikuwa na kifungu kinachosema mteja hawezi kujiunga na wenzake; kila mmoja aende peke yake kwa msuluhishi wa faragha, nje ya mahakama. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilisema sheria ya jimbo haiwezi kukibatilisha kifungu hicho kwa sababu tu kinawazuia watu kushtaki kwa pamoja. Tangu hapo vifungu vya namna hiyo vimejaa kwenye masharti ya huduma za kulipia kila mwezi. Hakuna anayejenga ukuta kuzuia kitu kisichomwumiza.

Na ukuta huo ulipogeuka kumwumiza aliyeujenga, ulibomolewa. Mawakili walianza kuwapeleka wateja kwa wasuluhishi mmoja mmoja, lakini kwa maelfu, na kila shauri lina ada ambayo kampuni yenyewe iliahidi kulipa. Baada ya kukabiliwa na madai zaidi ya 75,000 ya watumiaji wa vifaa vyake vya Echo, mwaka 2021 Amazon ilikiondoa kifungu cha usuluhishi kwenye masharti yake na kuwaruhusu wateja waende mahakamani. Kampuni kubwa kiasi hicho ilipopima, iliona heri kesi ya kundi.

Kuna njia nyingine, ya serikali. Septemba 2025, Amazon hiyohiyo ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 katika kesi ya FTC kuhusu usajili wa Prime, bila kukiri kosa. Bilioni moja ilikuwa faini, bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja. Kwa mujibu wa madai ya Tume, kujitoa Prime kulihitaji kupita kurasa nne, kubofya mara sita na kuchagua kati ya vitu kumi na tano, na ndani ya kampuni mchakato huo uliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troy. Mtu aliyeupa jina hilo alijua anachokifanya. Kilichonifurahisha katika makubaliano yale ni kwamba wateja wengi waliotimiza vigezo walipangiwa kulipwa hadi dola 51 moja kwa moja, bila fomu. Kumbe inawezekana.

Lakini serikali hubadilika. Mwaka 2024 FTC ilipitisha kanuni ya kuifanya njia ya kujitoa iwe rahisi kama njia ya kujiunga, na Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kufanya kazi kikamilifu, mahakama ya rufaa iliibatilisha kwa sababu Tume ilikuwa imeruka hatua katika kuitunga. Kanuni ikiondolewa, mtu anayebaki mlangoni ni yule wakili anayefuata asilimia yake.

*

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nalo silipendi sana. Suluhu za kesi za kundi zinamfaa mteja, ila mteja mwenyewe ni mwingine. Anayefaidika ni yule ambaye bado hajajiunga: mwanafunzi wa mwaka ujao ambaye atakuta maneno ya masharti yameandikwa kwa herufi zinazosomeka, na kitufe cha kujitoa kiko mahali panapoonekana, kwa sababu mwanasheria wa kampuni fulani alisema kwenye mkutano kwamba ukurasa wa zamani ungewagharimu mamilioni. Sisi tuliokwisha kukatwa ni jiwe lililotumika kumpiga yule aliyetukata. Tumeleta maumivu yetu, yakajumlishwa, yakageuzwa uzito, uzito ukafanya kazi yake. Zile dola nane ni nauli ya shahidi.

Je, ni haki kutumia madai ya mtu kumlinda mtu mwingine bila kumwuliza? Nimefika mahali naona kwamba inaweza kuwa haki, kwa sababu mbadala wake ni sifuri, na sifuri inamfaa kampuni peke yake. Lakini ina masharti mawili. La kwanza, palipo na kumbukumbu za malipo, watu walipwe kwa njia ileile waliyokatwa, bila fomu. Anayekumbuka kadi yangu wakati wa kuchukua asijifanye amenisahau wakati wa kurudisha. La pili, tuambiwe ukweli. Barua ile iliniambia nimefidiwa. Sikufidiwa. Ingeniambia kwamba pesa zako hatukuweza kuzirudisha zote, ila madai yako yameifanya kampuni hii ibadilishe ukurasa wake wa malipo, ningeisoma kama mtu mzima anayeheshimiwa.

Nyumbani tunakaribia maswali haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja haki za mlaji na inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mmoja kuwawakilisha wengi wenye maslahi sawa, kwa kibali cha mahakama na kwa kuwapa wengine taarifa. Na sisi sote tumewahi kukatwa salio la simu kwa huduma ya nyimbo au ya vichekesho ambayo hatukumbuki kujiunga nayo. Siku tutakapopiga yowe kwa pamoja, natamani akina mama wa vikoba wawepo wakati wa kuandika suluhu. Wao wataanza na kuuliza, wamekiri?

*

Dola 8.46 nilizipokea. Nilifikiria kumtumia mama, lakini ada ya kutuma ingekula karibu nusu. Nikanunua mchele na kopo la tui la nazi.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mimi kabla hajapiga. Nikamwambia, mama, ile mara ya kambi ya Baraka, mtandao haukuwa na shida. Nikamweleza yote: programu, kadi, dola tisa, benki. Nikamwambia nimekosa.

Hakusema kitu kwa muda, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Mtandao gani unasumbua wiki nzima? Nilikuwa nasubiri useme." Kisha akauliza, "Sasa hiyo kampuni umeshajitoa kweli, au umefuta tena?"

Nilimwambia nimejitoa. Tulipokata simu, nikaingia kwenye akaunti nikaangalia tena.